Bamba la kivita likikosekana: namna ya kupata mbadala unaoweza kuutetea

Mchoro ulioandikwa “Armox 500T, mm 6.5,” yaani bamba la chuma cha kuzuia risasi, ukifika Mwanza, jibu la wauza vyuma ni moja: haipo. Dar utaambiwa inaagizwa. Ukiuliza inaagizwaje ndipo unapokuta kuna kiwango cha chini cha kununua, kuna fomu ya kueleza nani ataitumia na wapi, na kuna kusubiri. Mabamba ya kivita yamo kwenye orodha ya zana za kijeshi ya makubaliano ya Wassenaar, yale ya mataifa ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje, kwa hiyo nchi inayoyauza haiyaachii kama inavyoachia nondo. Mteja hayajui hayo na wala hayamhusu. Yeye ni mnunuzi wa dhahabu Geita. Tangu soko la madini lifunguliwe pale Machi 2019 biashara yake inafanyika peupe, na anataka mlango na kaunta kabla ya sikukuu.

Mimi nina karakana Nyakato, na kabla ya hapo nilikuwa mgodini nikibadilisha mabamba ya ndani ya matipa. Vyuma vigumu nimevizoea. Ninachoandika hapa ni namna ninavyotafuta mbadala pale bamba lililotajwa linapokosekana, na pale ninapokataa kazi.

Anza na risasi, chuma baadaye. Mchoraji alipoandika jina la bamba alikuwa ameshajiuliza maswali: risasi gani, kutoka umbali gani, ikigonga wima au kwa mshazari, na ngapi zikigonga karibu karibu. Maswali hayo mara nyingi hayaandikwi kwenye mchoro. Mpigie simu uyaulize. Kwa milango na madirisha wengi hutumia kiwango cha Ulaya cha EN 1522, chenye madaraja FB1 hadi FB7. FB4 ni bastola kubwa za Magnum, .357 na .44. FB6 ni bunduki, 5.56 na 7.62x51 (namba ya kwanza ni kipenyo cha risasi kwa milimita). FB7 ni risasi ya 7.62x51 yenye kiini kigumu cha kutobolea chuma. Sasa angalia shida yetu: silaha ambayo mteja wa huku anaiogopa ni SMG, yaani AK-47, na risasi yake ya 7.62x39 haimo kabisa kwenye jedwali hilo. Ipo kwenye kiwango cha VPAM cha Wajerumani, daraja la 6, na ipo kwenye kile cha NATO, STANAG 4569, daraja la 2, tena hapo ni ile ya kutoboa na kuwasha moto. Kwa hiyo mtu akikuambia “mlango wangu uwe FB4, wazuie majambazi wa SMG,” ametaja vitu viwili visivyokutana, na ni wajibu wako kumwambia kabla hujamtajia bei.

Usidhani pia kwamba bunduki yenye risasi nene ndiyo ngumu zaidi kuizuia. Risasi ndogo ya 5.56 aina ya M193 ina uzito wa gramu tatu na nusu hivi, lakini inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Kwa karibu inaweza kung’oa kipande cha duara kwenye bamba gumu jembamba ambalo limesimamisha 7.62 nzito dakika moja iliyopita. Kwa hiyo “linazuia bunduki” si jibu. Linazuia bunduki gani?

Ukishajua hilo, tafuta ndugu wa kweli wa bamba ulilokosa. Chuma cha kivita cha daraja la 500 hakitoki kiwanda kimoja. SSAB ya Sweden, wenye Armox, wana pia Ramor 500. Thyssenkrupp ya Ujerumani wana Secure 500, Industeel ya Ufaransa wana Mars 240, Bisalloy ya Australia nao wana lao la daraja hilo hilo. Wamarekani hawatafuti jina la kiwanda, wanaandika kiwango cha jeshi lao, MIL-DTL-46100, ambacho ugumu wake ni Brinell (kipimo cha ugumu wa chuma) 477 hadi 534. Armox 500T ni 480 hadi 540. Hao ni majirani wa ukuta mmoja, na mchoraji mwenye akili atakubali kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ukimletea karatasi.

Maombi ya bei yaandike vizuri. Usiandike “Armox 500T au inayofanana nayo,” maana hilo “inayofanana nayo” ndilo litakalokuletea bamba la tipa. Mimi naandika hivi: “Bamba la chuma cha kivita, ugumu Brinell 480–540, unene usiopungua mm 6.5 mahali popote, Charpy isiyopungua jouli 25 kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kwa sampuli ya mm 10 kwa 10, hati ya EN 10204 aina ya 3.1, na taarifa ya majaribio ya risasi.” Charpy ni kipimo cha kishindo ambacho chuma kinapokea kabla ya kuvunjika. Maneno “mahali popote” yana kazi yake. Bamba la kawaida la biashara linaruhusiwa kupungua kidogo chini ya unene ulioandikwa na hakuna atakayekurudishia pesa, na kwenye bamba la kivita hako kadogo ndiko ulikokuwa unakalipia. Aina ya 3.1 nayo ina maana yake: ni matokeo yaliyopimwa kwenye mkupuo uliotoa bamba lako, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa pamoja nalo. Ile ya 2.2 inasema tu kwamba kiwanda kwa kawaida hutengeneza chuma cha namna hii.

Pa kuulizia: kabla hujafikiria kontena, tafuta karakana zinazounda magari ya kusafirisha fedha, Nairobi hasa. Hubaki na vipande. Mlango mmoja wa sentimita 90 kwa 210 unaweza kutoka kwenye mabaki mawili, mradi kila kipande kina namba yake ya mkupuo iliyogongwa kwenye chuma na wewe una nakala ya hati yenye namba hiyo hiyo. Kipande kisicho na namba nakiita chuma tu, hata kama aliyekileta ameapa kwa jina la mama yake.

Na hapa ndipo linapokuja suala la Hardox, bamba la kuvumilia msuguano, ambalo huku kwetu kwenye migodi ndilo jaribu kubwa. Ipo. Inauzwa, vipande vinazagaa, na vijana wanaijua kuikata. Kijana mmoja aliniletea bamba zuri la Hardox 500, lina nembo na kila kitu, akaniambia, “Mzee wangu, hizi na zile ni baba mmoja mama mmoja. Brinell 500 na Brinell 500. Tofauti ni rangi ya maandishi.”

Nikamwambia, “Mdogo wangu, nionyeshe karatasi inayosema limepigwa risasi likasimama.”

“Sasa mzee, nani atalipiga risasi Geita?”

“Ndiyo maana wananunua mlango.”

Kwa ugumu, kijana hakukosea. Hardox 500 ni Brinell 470 hadi 530, yaani kwa kipimo hicho peke yake huwezi kuitenga na Armox. Tofauti iko kwenye kile ambacho kiwanda kinakiahidi. Hardox imetengenezwa kuvumilia mawe yanayoburuzwa juu yake siku nzima, na ugumu ndio unaofanya kazi hiyo. Bamba la kivita linatakiwa liwe gumu kiasi cha kuvunja risasi na papo hapo lipokee kishindo bila kupasuka wala kung’oka kipande, tena kila sehemu ya bamba, tena kila mkupuo, na kiwanda kinalithibitisha hilo kwa kulipiga risasi. Bamba la msuguano linaweza kusimamisha risasi leo. La mkupuo wa mwezi ujao, lenye ugumu ule ule, likaachia ufa kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni. Wenye kiwanda wenyewe hawalidhamini kwa kuzuia risasi. Wakikataa wao kulidhamini, mimi wa Nyakato nitalidhamini kwa lipi?

Hata hivyo Hardox ina nafasi yake, na watu huisahau. Muulize mteja kwa upole anaogopa nini hasa. Wengi wakieleza, hofu yao kubwa ni wezi wa usiku wenye grenda na mtarimbo. Kwa hao, bamba la msuguano ni zuri sana: biti ya kawaida haiingii, diski zinaisha, kelele zinazidi. Mlango wa namna hiyo uuze kama mlango wa kuzuia wizi, uandike hivyo kwenye ankara, na neno “risasi” lisionekane popote.

Skrepa nitaipitia haraka. Majani ya springi za lori ni magumu, ndiyo, lakini ni membamba kwa upana, yamechoka kwa miaka ya kupinda, na ukiyachomelea yanapasuka kando ya weldi. Mabamba ya manganizi ya kwenye karasha na mashine za kusaga mawe hayashiki sumaku, na ndivyo utakavyoyatambua. Ni chuma cha ajabu alichokigundua Robert Hadfield mwaka 1882, na Waingereza walikifanya kofia za vita kuanzia 1915. Lakini kikiwa kipya ni laini, kinakuwa kigumu kwa kugongwa gongwa, na kile unachokiokota wewe ni kizito, kimepinda na hakina karatasi. Mabamba yaliyotolewa ndani ya tipa yameliwa, unene wake unabadilika kila shubiri. Wamarekani wenyewe waliingia kwenye skrepa: Desemba 2004 kule Kuwait askari alimsimamia Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld mbele ya wenzake akamuuliza kwa nini wanachakura majalalani kutafuta vyuma vya kubandika kwenye magari. Wale walikuwa wanavuka mpaka kuingia Iraq, hawakuwa na la kuchagua. Mnunuzi wa dhahabu analo.

Njia nyingine halali ni kushuka ugumu na kupanda unene. Armox ina daraja la 440, Brinell 420 hadi 480, ambalo hupokea kishindo vizuri zaidi na ni rahisi kidogo kulichomelea. Unene upi unatosha kwa risasi ipi, usikadirie. Uchukue kwenye jedwali la kiwanda au taarifa ya majaribio, na mchoraji atie saini. Kazi yako wewe ni uzito. Chuma ni kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita. Mlango wetu wa 0.9 kwa 2.1 ni mita za mraba 1.89. Kwa mm 6.5 bamba peke yake ni kilo 96. Kwa mm 8 ni kilo 119. Mtu akikushawishi utumie maild stili ya mm 12, hiyo ni kilo 178 kabla ya fremu, kufuli na mpini, na bado ni chuma cha Brinell 120 hadi 160 ambacho kwa bunduki sithubutu kukisimamia. Kwa bastola ndogo, mchoraji akikubali kwa maandishi na kuna majaribio yanayomuunga mkono, sawa. Kila kilo iliyoongezeka inakwenda kwenye bawaba, na bawaba zinakwenda kwenye ukuta. Nimeona milango ya namna hii ikining’inia kwenye tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Risasi haihitaji hata kugusa chuma pale.

Hilo linanileta kwenye njia ambayo mafundi hatuipendi kwa sababu inatupunguzia kazi: punguza eneo linalohitaji bamba. Mchoro wa mteja wa namna hii huwa umefunika ukuta mzima chuma, kuanzia sakafuni hadi dari. Ukuta unaweza kuwa zege lenye nondo, ambalo saruji na kokoto zake zinapatikana Mwanza leo hii, na mhandisi wa majengo atakupa unene. Sogeza kaunta isitazamane na mlango wa barabarani. Weka kona kwenye njia ya kuingilia ili asiwepo wa kulenga kutoka nje. Ukimaliza hesabu hiyo unaweza kukuta kilichobaki ni mlango na uso wa kaunta, mita za mraba tatu au nne, na kiasi hicho sasa kinapatikana kwenye mabaki ya Nairobi.

Bamba likifika, lipime mwenyewe kabla ya kulikata. Tupa jipya litakutenganishia maild stili na chuma kigumu, basi, haliwezi kukuambia zaidi. Kile kipima ugumu cha mkononi kinachorusha kichuma na kusoma kinavyodunda kinafaa, lakini kina ujanja wake: juu ya bamba jembamba lililokaa hewani kinasoma uongo, kwa sababu bamba linatetemeka. Lilaze juu ya kipande kinene cha chuma kilichosawazishwa, paka grisi nyepesi katikati ili vishikane, ndipo upime. Kwanza saga ngozi ya juu kwa diski laini, nusu milimita hivi, maana ngozi iliyotoka tanuruni imepoteza kaboni na ni laini kuliko mwili. Saga taratibu, ukiona rangi ya bluu umeshaharibu ulichotaka kukipima. Pima pembe zote na katikati. Ukitaka namba ya kusimama nayo mbele ya mchoraji, kata kipande upeleke maabara, TIRDO (shirika la serikali la utafiti wa viwanda) au chuo chenye mashine ya Brinell. Unene pima kwa vernia kingo zote.

Kujaribu kwa risasi usifanye mwenyewe, hata kama una rafiki mwenye silaha na shamba. Silaha na risasi zina Sheria yake ya Udhibiti ya mwaka 2015. Tena, risasi mbili zilizosimama shambani hazithibitishi kitu. Maabara hupiga nyingi kwa kasi tofauti kutafuta ile kasi ambayo nusu ya risasi zinapita na nusu zinazuiwa, wanaiita V50, kisha hukaa mbali nayo kwa usalama. Ukisikia mtu anasema “tulilipiga likakaa,” muulize kasi ilikuwa ngapi.

Kwenye kukata na kuchomelea ndipo bamba halali linapogeuzwa kuwa bati. Chuma hiki kimepata ugumu wake kwa kupozwa ghafla, na kikipita nyuzi 200 hivi kinaanza kuusahau. Kata kwa plazma kuliko gesi, na ukikata kwa gesi jua kwamba ukingo umelainika. Panga ukingo huo ujifiche nyuma ya fremu. Usikunje kwenye presi ya kawaida. Badala ya kona ya kukunja, tumia vipande viwili vinavyopishana.

Vijiti viwe vya haidrojeni kidogo, E7018, vilivyokaushwa kwenye oveni, au waya wa chuma cha pua wa 307, ambao ni ghali lakini unasamehe. Hapa ziwani hewa ina unyevu. Pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha isiguse kazi hii. Pasha bamba kabla ya kuanza kadiri hati ya kiwanda inavyosema, na kati ya mstari mmoja wa weldi na mwingine usivuke nyuzi 200, upime kwa chaki ya joto na si kwa kiganja. Ukimaliza usikague siku hiyo hiyo na kuita gari. Ufa wa haidrojeni huja baadaye, bamba likiwa limeshapoa na wewe umeshalala. Subiri saa 48, kisha paka rangi ya kupenya uangalie.

Weldi yenyewe na ukanda ulio kando yake hauzuii risasi, hata uwe mzuri namna gani. Nyuma ya kila kiungo weka ukanda wa bamba lile lile, mimi huutoa nje milimita 50 kila upande. Tundu la kufuli vilevile: bamba la ziada nyuma yake. Na usiache chuma kitupu upande unaoelekea risasi. Risasi ikivunjikia kwenye bamba gumu vipande vyake vinatambaa juu ya uso wa bamba na kuruka pembeni, na keshia anayechungulia dirishani ndiye wa kwanza kuvipata. Ukingo wa dirisha uwe na mdomo unaovikamata, na uso ufunikwe kwa mbao au mpira mnene.

Kabla ya rangi, piga picha namba ya mkupuo kwenye kila kipande, pamoja na rula ionekane kiko wapi mlangoni, maana rangi ikishapita hakuna atakayeijua tena. Kwenye mchoro futa “Armox 500T” uandike kilichowekwa kweli, unene wake kweli, namba ya hati, na jina la aliyekubali badiliko. Nakala moja kwa mteja, moja kwako. Kibao kidogo ndani ya fremu, upande wa bawaba, kiseme daraja la ulinzi lililothibitishwa. Kama halikuthibitishwa, kiseme “mlango wa kuzuia wizi,” na bei iwe ya mlango wa kuzuia wizi.